Polepole Siyo Mwendo, Angalau Bwawani

Kuna maneno ambayo karibu kila mtoto wetu anayejiunga na timu ya kuogelea ya shule anayasikia kabla hajazoea hata harufu ya klorini: nyoosha mkono, teleza, punguza mapigo. Kocha anayasema kwa nia njema kabisa. Ukirudi nyumbani mama naye anamalizia kwa Kiswahili, "Polepole ndio mwendo, mwanangu." Basi mtoto anakwenda polepole. Miguu inazama, anameza maji, anafika wa mwisho, na mwezi wa kwanza ukifika hayupo tena kwenye timu.

Mimi nasema ushauri huo, kwa watu wengi wa aina yetu, ni mbaya. Na nikisema aina yetu namaanisha wewe uliyefika Marekani ukiwa na miaka kumi na mbili kutoka Nyarugusu, Kakuma au Dzaleka, ukaingia bwawani mara ya kwanza ndevu zikiwa zimeshaanza kuota. Au mdogo wako aliyezaliwa hapa hapa lakini hakuna aliyempeleka kwenye maji mpaka alipofika sekondari. Kwa watu hao mikono ya polepole haileti utulivu, inaleta kuzama.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Tuko kwenye mtindo huru, ile fristaili. Kila mkono unapoingia majini, hilo ni pigo moja. Hesabu mapigo yote, ya kulia na ya kushoto, kwa dakika moja, na hiyo ndiyo namba yako. Neno pigo nalipenda kwa sababu tunalo tayari: moyo una mapigo, ngoma ina mapigo, mkono nao una yake. Angalia tu kwamba makocha wengine wanahesabu mikono miwili pamoja kama pigo moja, kwa hiyo mmoja akisema 35 na mwingine akisema 70, huenda wanaongelea kitu kile kile.

Kasi yako ni vitu viwili vikizidishwa: mapigo kwa dakika, mara umbali unaosogea kwa kila pigo. Hamna kingine. Tuseme unapiga mapigo 50 kwa dakika na kila pigo linakusogeza mita moja. Hiyo ni mita 50 kwa dakika, yaani mita 100 kwa dakika mbili kamili. Sasa panda mpaka 60. Umbali wa kila pigo utapungua kidogo, tuseme uwe sentimita 90. Sitini mara 0.9 ni 54, na mita 100 zako sasa ni kama dakika 1 na sekunde 51. Umepoteza umbali kwenye pigo lakini umepata kasi. Ukipanda zaidi kwa fujo mpaka 75, mikono ikaanza kukata povu na kila pigo likabaki na sentimita 65, unapata mita 48.75 kwa dakika: umechoka mara mbili na umerudi nyuma ya pale ulipoanzia.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo ugomvi wote. Wanaosema "refusha pigo" wanaangalia nusu moja ya hesabu, na wanaosema "zungusha mikono" wanaangalia nusu nyingine. Kila mtu ana mahali pake ambapo jibu la kuzidisha ni kubwa na pumzi bado ipo. Ninachobishia ni kwamba mahali hapo, kwa anayeanza amechelewa, mara nyingi pako juu kuliko anavyoambiwa.

Kwa nini? Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Ukisimamisha mkono mbele ili "uteleze", wewe siyo baiskeli kwenye mteremko. Unafunga breki. Ndani ya nusu sekunde umeshapoteza kasi, na pigo linalofuata linabidi likusukume upya kutoka karibu na sifuri. Ni kama kuendesha gari kwenye foleni: gesi, breki, gesi, breki. Mafuta yanaisha na hujafika popote. Mbaya zaidi, ukinzani wa maji unapanda haraka kuliko kasi yenyewe, kasi ikiongezeka mara mbili ukinzani unakuwa kama mara nne, kwa hiyo mwendo wa kuruka na kusimama unakula nguvu nyingi kuliko mwendo ulio sawa, hata kama wastani ni ule ule.

Halafu kuna miguu. Mapafu yanabeba kifua, lakini hakuna kinachobeba miguu isipokuwa mateke na kasi ya kwenda mbele. Mtoto aliyeogelea tangu ana miaka mitano ana mateke yanayomshikilia wakati mkono umepumzika mbele. Wewe uliyecheza mpira maisha yako yote una vifundo vya miguu vigumu kama vya mlango. Ukipiga teke hayaendi mahali. Kwa hiyo ukiteleza, miguu inashuka, mwili unakuwa kama mtu aliyesimama kwenye maji, na pigo linalofuata linasukuma ukuta. (Na tafadhali, usiniletee ile hadithi ya kwamba mifupa ya mtu mweusi ni mizito ndiyo maana anazama. Hadithi hiyo ilikuja baada ya watu kufungiwa mabwawa, siyo kabla. Msome Jeff Wiltse, kitabu chake *Contested Waters* cha 2007, uone jinsi miji ya Marekani ilivyopendelea kufunga au kuacha mabwawa ya umma yaoze kuliko kuogelea pamoja.)

Watu wakitaka kutetea mwendo wa kuteleza wanamleta Ian Thorpe, yule Mwaustralia. Sawa, tumwangalie. Mwaka 2002 kule Manchester aliogelea mita 400 kwa dakika 3 na sekunde 40.08, na ukitazama video utaona mikono mirefu, mizuri, haina haraka kabisa. Lakini tazama chini ya maji. Mtu huyo ana urefu unaokaribia mita mbili na miguu ya kuvaa kiatu saizi 17, na hiyo miguu haisimami hata mara moja. Mkono unapopumzika mbele, nyuma kuna injini inaunguruma. Thorpe hatelezi, anasukumwa.

Sasa mlete Janet Evans. Seoul, 1988, miaka 17, mfupi na mwembamba kuliko karibu kila mtu aliyesimama naye kwenye fainali. Mikono yake ilikuwa imenyooka ikizunguka juu ya maji kama kinu cha upepo, haraka haraka, kitu ambacho kocha yeyote wa shule leo angekisimamisha kwa filimbi. Akachukua dhahabu tatu. Mita 400 zake za siku hiyo, dakika 4 na sekunde 3.85, zilibaki rekodi ya dunia mpaka 2006. Mita 800 alizoogelea mwaka uliofuata, dakika 8 na sekunde 16.22, hazikuvunjwa mpaka Beijing 2008. Miaka kumi na tisa! Na hakuna aliyemwambia anyooshe mkono ateleze, au kama aliambiwa, hakusikia.

Hoja yangu siyo kwamba sote tuwe Janet Evans. Ni kwamba mtu mfupi, mwepesi, asiye na miguu ya Thorpe, alitafuta kasi yake upande wa mapigo, akaipata, na ikamtosha kuwa bora duniani. Wewe unaambiwa uitafute upande wa Thorpe wakati huna vifaa vya Thorpe.

Ili tuwe wa haki, ushauri wa kuteleza haukutoka hewani. Terry Laughlin, kocha wa jimbo la New York, aliwafundisha maelfu ya watu wazima kupitia mfumo wake wa Total Immersion kwamba waogelee kwa mapigo machache, walaze mwili vizuri, waache kupigana na maji. Na alikuwa na haki kwa nusu. Mtu anayeogopa maji anazungusha mikono kwa sababu anaogopa, na mkono wa woga haushiki chochote. Unaingia, unateleza chini, unatoka. Huyo kweli apunguze, atulie, ajifunze kulala juu ya maji kwanza. Kumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000, mita 100 peke yake bwawani baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza mapema. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, na bwawa la mita 50 lilikuwa jambo geni kwake. Nusu ya kwanza alienda kwa nguvu, mikono inafanya kazi. Nusu ya pili mikono ikafa, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia afike. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Watu walicheka, halafu wakalia. Mimi namheshimu sana yule jamaa, na baadaye akawa kocha wa taifa lake. Lakini ndivyo inavyokuwa mapigo yakiwa juu kuliko pumzi.

Tatizo ni kwamba dawa ya siku za mwanzo inaendelea kutolewa mgonjwa akiwa ameshapona. Mtoto ameshaacha kuogopa, anaweza kuogelea yadi 100 bila kusimama, na bado anaambiwa "punguza, punguza." Hapo ndipo anapokwama.

Kuna jambo jingine linaloniudhi, na hili linatuhusu zaidi. Muulize mjomba wako aliyekulia Uvira, Baraka, Kalemie au Kigoma jinsi alivyojifunza kuogelea. Atakuonyesha mikono ya haraka na kichwa kimeinuka. Kocha akiona hivyo anasema ni makosa matupu. Kichwa kiinuke muda wote, sawa, ni kosa bwawani. Lakini ziwani ungefanyaje? Kuna wimbi, kuna mtumbwi unakuja, lazima uone. Na kwenye mawimbi huwezi kuteleza, wimbi linakusimamisha hapo hapo. Waogeleaji wa masafa marefu baharini na ziwani, hata wa kiwango cha Olimpiki, kwa kawaida wanaweka mapigo juu kwa sababu hiyo hiyo. Mjomba hakukosea. Alikuwa anaogelea ziwa.

Na haya siyo mapya. Mwaka 1844 Waojibwe wawili kutoka Amerika Kaskazini, waliojulikana kama Flying Gull na Tobacco, walishindanishwa London mbele ya Waingereza. Walirusha mikono juu ya maji, gazeti likawafananisha na kinu cha upepo, na Waingereza wakaona si ustaarabu. Wakaendelea na mtindo wao wa chura kwa miaka mingine mingi, ingawa mtindo wa mikono ya juu ulikuwa na kasi zaidi mbele ya macho yao. Mwanahistoria Kevin Dawson, kwenye kitabu chake *Undercurrents of Power* cha 2018, anaonyesha kwamba wasafiri wa Ulaya waliwakuta Waafrika wa pwani ya Atlantiki wakiogelea kwa mikono ya kupokezana, vizuri kuliko wao, karne kadhaa kabla ya mtu yeyote kuuita mtindo huo fristaili. Kwa hiyo mtu akikuambia kuogelea si vitu vya kwetu, mwambie akasome.

Wazazi wana sababu zao za kuogopa maji, na mimi siwacheki. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ya Merdi ilizama Ziwa Kivu ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, pale Goma. Watu waliokuwa ufukweni wakiwasubiri ndugu zao waliona kwa macho. Wapo kwenye miji yetu hii waliopigiwa simu siku hiyo. Ukiwaambia unataka kwenda kuogelea, wanachokiona siyo kile unachokiona wewe.

Lakini hapa tulipo, kutojua ndiyo hatari. Utafiti wa 2017 uliofanywa na USA Swimming Foundation pamoja na Chuo Kikuu cha Memphis ulikuta asilimia 64 ya watoto weusi wa Marekani hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana; kwa weupe ilikuwa asilimia 40. CDC nao wanasema watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 wanazama kwenye mabwawa ya kuogelea mara 7.6 zaidi ya wenzao weupe. Kwenye mabwawa, jamani, siyo baharini.

Na East Side zetu hazifanani. Ukisema East Side Buffalo, mtu anafikiria Broadway na Jefferson. Columbus, East Side ni safari ndefu, unaanzia karibu na katikati ya mji unaishia Whitehall na Reynoldsburg. Louisville ukisema upande wa mashariki watu wanafikiria nyumba kubwa na klabu zenye bwawa lao, na sisi tuliopo huko tuko kwenye apatimenti za nyuma. Kwa hiyo wengine mna bwawa la mji linalofunguliwa wiki chache za kiangazi, wengine mnategemea YMCA, wengine hamna kitu mpaka uingie timu ya shule. Hapo Buffalo mna lile bwawa la Flickinger katikati ya mji, lilijengwa kwa ajili ya michezo ya vyuo vikuu ya dunia ya 1993; sijui ni wangapi kati yetu wameshaingia.

Mabwawa ya mji yanahitaji waokoaji, na waokoaji wamekuwa adimu miji mingi tangu 2020. Bwawa likikosa waokoaji, halifunguliwi. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 15 wa mtaa wetu akifaulu mtihani wa uokoaji, anapata kazi ya kiangazi ya karibu na nyumbani, na watoto wa mtaa wanapata bwawa lililo wazi. Watu wanaofeli mtihani huo mara nyingi wanafelia kwenye kuogelea kwenyewe, siku ya kwanza, kabla ya darasa kuanza. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika kuhusu mapigo ya mkono kama vile ni siasa.

Basi, tafuta namba yako. Unahitaji rafiki mmoja na simu. Wewe ogelea kawaida, usijionyeshe. Ukifika katikati ya bwawa, mbali na ukuta, rafiki aangalie mkono wako wa kulia tu. Unapoingia majini anawasha saa na kusema sifuri. Ukiingia mara ya tano anasimamisha. Hayo ni mapigo kumi. Gawanya 600 kwa sekunde alizopata: sekunde 12 ni mapigo 50, sekunde 10 ni 60, sekunde 8 ni 75. Wanaoanza mara nyingi wako kwenye arobaini na kitu au hamsini. Waogeleaji wazuri wa masafa marefu mara nyingi wako kati ya 70 na 90, na wale wa mita 50 wanapita 100. Usiangalie namba zao ukajilinganisha, angalia tu kwamba hakuna aliye kwenye 42.

Halafu jaribu hivi siku ambayo hujachoka. Ogelea yadi 50 mara saba, ukipumzika sekunde 30 kila mara. Ya kwanza kwa namba yako ya kawaida, tuseme 48. Ya pili 51, ya tatu 54, endelea hivyo mpaka 66. Kuna kifaa kidogo cha kuweka ndani ya kofia kinacholia tii-tii kwa kasi unayochagua, timu nyingi wanacho, omba. Kama hakuna, rafiki akupungie mkono toka ukingoni, au uwe na wimbo kichwani. Wapiga makasia wamefanya hivyo tangu zamani, wimbo ndiyo saa yao. Chagua wimbo vizuri lakini: singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, utafia pale. Kila mzunguko andika vitu viwili, muda na ugumu kutoka 1 hadi 10. Utaona muda unashuka, unashuka, halafu unagoma wakati ugumu unaruka. Namba iliyo kabla ya ule mruko ndiyo yako kwa sasa. Kwa wengi itakuwa mapigo matano au kumi juu ya pale walipoanzia, siyo thelathini.

Kuipandisha siyo kuharakisha kila kitu. Mkono ukiwa majini ukivuta, usiuharakishe, hapo ndipo unaposhika maji. Unaondoa ule muda uliokufa pale mbele. Mkono ukishaingia na kunyooka, vidole vielekee chini, kiwiko kibaki juu, anza kushika. Usisubiri mkono wa pili ufike kukusalimia. Uingize mbele ya bega lako, usivuke katikati ya kichwa, ukivuka mwili unaanza kutambaa kama nyoka. Na pumua nje ndani ya maji muda wote, kama unapuliza chai. Nimeona watu wengi ambao mapigo yao yako chini kwa sababu moja tu: wanabana pumzi, kwa hiyo wakigeuza kichwa wanataka kutoa na kuvuta hewa kwa wakati mmoja, na mkono wa mbele unabaki umesimama unangoja. Tengeneza pumzi tu, mapigo yanapanda yenyewe.

Wanaobisha watasema mabega. Wana haki. Mapigo zaidi ni mizunguko zaidi ya bega, na bega la mtu aliyeanza juzi halijazoea. Ongeza mapigo mawili matatu, kaa hapo wiki mbili, ndiyo uongeze tena. Maumivu ya mbele ya bega siyo ya kuvumilia kiume wala kike, ni ya kusimama na kumwambia kocha.

Na kuhusu kocha: najua tulivyolelewa, mwalimu habishiwi. Sikuambii ubishe. Peleka karatasi. "Kocha, kwenye 50 nafanya yadi 50 kwa sekunde 62, kwenye 58 nafanya kwa 56 na ugumu ni ule ule. Naweza kujaribu kubaki hapa?" Makocha wengi niliowafahamu wanapenda namba kuliko wanavyopenda ushauri wao wenyewe. Ambaye hapendi, angalau utakuwa umemuuliza kwa adabu, na saa bado ni yako.

Kwa nyinyi mnaotaka kazi ya kiangazi: kwa utaratibu wa sasa wa American Red Cross, kwa mabwawa ya kawaida, unaogelea yadi 150, unaelea dakika mbili bila kutumia mikono, halafu unaogelea yadi 50 nyingine, yote bila kupumzika. Zamani ilikuwa yadi 300 mfululizo. Sehemu hiyo haina saa. Hakuna anayekufukuza, kwa hiyo chukua namba yako na ushuke kidogo, mapigo mawili au matatu chini, ukae hapo hapo toka mwanzo mpaka mwisho. Wanaofeli wanaanza yadi 50 za kwanza kama wamefukuzwa na mbwa. Tofali ndiyo lina saa: dakika 1 na sekunde 40, bila miwani, yadi 20 kwenda, unapiga mbizi futi 7 hadi 10, unalichukua lile la ratili 10, unarudi chali ukilishika kifuani kwa mikono miwili, unatoka majini bila ngazi. Kwenda, panda mpaka namba yako ya juu kabisa, hata kama ni mbaya, hata kama kocha angefumba macho, yadi 20 tu. Kurudi mikono haipo tena, ni miguu peke yake. Kwa hiyo kuanzia sasa mpaka mwezi wa tano, mwisho wa kila zoezi, yadi 100 za mateke chali, mikono kifuani.